Binti Yangu na Vidonge vya Jioni

Kazi yangu ilikuwa ushonaji. Nilikuwa na cherehani ya kukanyaga kwenye baraza ya duka la kaka yangu, mjini Singida, na chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa ndipo alipokulia binti yangu wa kwanza. Mama yake alikuwa akiuza vitunguu sokoni na mdogo wake wa kunyonya mgongoni, kwa hiyo huyu mkubwa alishinda na mimi. Alikuwa na miaka mitano mambo haya yalipoanza. Mtoto mpole, mwenye sauti nyembamba, lakini aliyependa kuwapanga watu. Mteja akija kupimwa, yeye alitoka chini ya meza, akasema, "Shikamoo," halafu akaamuru, "Mikono juu." Nimewaona wazee wa msikitini na mwalimu mkuu mzima wakiinua mikono mbele ya mtoto anayewafikia magotini, wakisubiri ruhusa ya kuishusha.

Ndiyo miaka ile mitumba ilipokuwa imeanza kumwagika. Kabla ya hapo tulikuwa tunapanga foleni kwa ajili ya kitambaa, na mtu akikipata anakileta kwangu amekikumbatia kama mtoto. Sasa robota la nguo hizo linafunguliwa chini sokoni na kila mtu anachagua suruali yake. Suti zikapungua, nikabaki na sare za shule na kazi ya kupunguza suruali za watu walioumbwa wakubwa kuliko sisi. Sikulalamika sana. Nilikuwa na mke mcheshi, aliyekuwa akisema tumshukuru Mungu kwa kuumba Wazungu wanene.

Siku ya kwanza mtoto kuanguka ilikuwa mchana, baada ya swala ya adhuhuri. Nilikuwa nashona kola. Nikasikia kisigino kinagonga mguu wa meza, to, to, to, nikasema bila kuangalia, "Acha hiyo mama, unanitikisa." Hakikuacha. Nilipoinama nikamkuta macho yamegeuka, povu mdomoni, mwili mzima unarusharusha. Mama mmoja aliyekuwa ameleta sare za mwanawe akarudi nyuma hatua tatu. "Usimguse!" akaniambia. "Povu likikupata na wewe unaugua." Nilimlaza ubavu, nikamshika kichwa kisigonge sakafu, na povu likanipata mikononi na kwenye shati. Ilipokwisha akalala pale pale mapajani mwangu, mzito kama gunia la mtama.

Akaanguka tena baada ya wiki chache, na mara ya tatu. Hapo mke wangu akasema hatungoji ya nne. Hospitalini tabibu alituambia ni kifafa, akatuandikia vidonge vidogo vyeupe vya fenobabitoni, kimoja kila jioni. "Msikatishe," akasema. "Hata akiwa mzima msikatishe." Wagonjwa walikuwa wamejaa hadi uani na yeye yuko peke yake, kwa hiyo maelezo yakaishia hapo. Simlaumu. Sisi wenyewe tulikuwa na haraka ya kutoka na kile kipakiti cha karatasi, tukikishika kana kwamba ndani yake kuna mtoto wetu.

Na kweli vilifanya kazi. Hakuanguka tena. Wiki ya kwanza alisinzia tu. Aliwahi kulala huku tonge la ugali liko mdomoni, mama yake akamtoa kwa kidole. Tulicheka. Tulikuwa tumepata nafuu kubwa kiasi kwamba kila kitu kilituchekesha.

Kucheka kulikoma mwezi uliofuata. Usingizi ulipomtoka, ulitoka na upole wake wote. Mtoto aliyekuwa akikaa saa nzima anapanga vifungo kwa rangi, sasa hakai. Anaingia, anatoka, anapanda meza, anashuka, anavuta uzi wa cherehani ukakatika, ukimkataza anapiga yowe hadi wapita njia wanasimama. Alimfinya mdogo wake mpaka mkono ukavia damu. Alimwambia mteja mmoja, mzee wa heshima, "Toka hapa," na yule mzee akashusha mikono yake bila kuruhusiwa na mtu, akaondoka.

Siku moja nilikwenda kuswali, narudi nikakuta amechukua mkasi wangu mkubwa akakata mikono ya mashati sita ya shule. Hakuyakata kwa mchezo. Alikuwa ameshika mkasi kwa mikono miwili, anatweta, uso umelowa jasho. Nilichukua ile rula yangu ya mbao nikamchapa matakoni. Sikuwahi kumchapa kabla ya siku hiyo. Hakulia. Alinirukia akaning'ata kiganja, akaning'ang'ania, mpaka nikamwita kaka aje kutuachanisha, mimi mtu mzima na mtoto wa miaka mitano.

Alikuwa na rafiki mmoja, binti wa majirani zetu, wa umri wake. Walikuwa wanakula sahani moja kila mtu akiwa amesahau ni ya nyumba gani. Akamng'ata na huyo, begani, hadi alama za meno zikaonekana. Mama wa yule rafiki alikuja kwetu amembeba mwanawe, hakupaza sauti. Alisema tu, "Jirani, wasicheze tena kwa sasa." Mke wangu alikaa kwenye kigoda akiwa ameshika kifuniko cha sufuria, akasahau alikuwa anakipeleka wapi.

Madrasa wakamrudisha. Shangazi yangu akasema ni jini, kwanza lilikuwa linamwangusha, sasa limepanda kichwani. Wengine walisema ni deko, mtoto aliyekulia kwenye baraza la wanaume atajuaje adabu. Mimi nikamwambia mke wangu kwenda sokoni ndiko kulikomtenga na mtoto, na yeye akaniambia mkono wangu ndio uliomharibu, siku ya mashati. Tulianza kuongea kwa kupitia mtoto mchanga. "Mwambie baba yako chumvi imekwisha." Nami namwambia yule mchanga, "Mwambie mama yako nimesikia."

Jioni moja nilimkuta amekaa peke yake nyuma ya nyumba, kwenye jabali letu la kuanikia mtama. Upepo wa Singida ulikuwa unavuma kama kawaida yake, na yeye ameshika magoti. Nikakaa mbali kidogo.

"Mbona umempiga mdogo wako?" nikamuuliza. Siku hiyo alikuwa amempiga tena.

Akakwaruza jabali kwa kidole. Kisha akasema, "Sitaki kumpiga."

"Sasa?"

"Inakuja tu, baba. Inakuja halafu nimeshapiga."

Nilimvuta akakubali kuja. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kama wa kuku uliyemshika. Hapo ndipo nikaanza kuhesabu nyuma. Alianza lini? Nikakuta kila nilipofika, nafika kwenye kile kipakiti.

Ninachokisimulia sasa sijakisimulia mara nyingi. Sikumwuliza mtu. Ningeweza kurudi hospitalini. Ilikuwa mwendo wa kutembea. Lakini niliona nimeshagundua mwenyewe, na fundi akigundua tatizo la nguo halirudishi kwa mteja, analifumua. Kazi ya kumpa kidonge ilikuwa yangu kila jioni, kwa kuwa mama yake alikuwa anapika na mchanga analia. Nikaacha. Nilimpa kijiko cha maji chenye asali, na kidonge nikakitia kwenye kopo la vifungo vilivyovunjika. Siku ya kwanza, ya pili. Siku ya tatu aliamka akanisalimia, na niliapa moyoni kwamba mtoto wangu anarudi. Nilishona siku ile nikiimba.

Siku ya tano asubuhi alianguka akiwa anakunywa uji. Tulimsubiri atulie kama zamani. Hakutulia. Ilikwisha, kabla hajafumbua macho ikaanza nyingine, na nyingine. Mke wangu alikuwa anapiga kelele, "Lakini anakunywa dawa! Si anakunywa dawa?" Akanitazama. Sijui aliona nini usoni kwangu, maana alinyamaza ghafla. Kisha akauliza polepole, "Umempa dawa jana?"

"Hapana."

"Juzi?"

"Sijampa siku nne."

Alimwinua mtoto mwenyewe akatoka naye mbio, na mimi nikakimbia nyuma yao nikiwa nimembeba mchanga, watu wa mtaa wanatufungulia njia. Hospitalini walimchoma sindano, akatulia. Muuguzi aliuliza ilikuwaje, nami nikasema mbele ya kila mtu kwamba ni mimi nilikatisha. Akaandika. Hakunigombeza, na ningefurahi kama angenigombeza.

Mtoto alikaa wodini siku tatu akarudi nyumbani amechoka, amerudishiwa vidonge vyake, na hasira zake zikarudi nyuma ya vidonge. Mke wangu alimpa dawa mwenyewe sasa. Alikiweka kile kipakiti kwenye pindo la kanga yake, akafunga fundo.

Ndipo akaja mama mkwe kutoka Unyambwa. Si mbali, ni pembezoni mwa mji, lakini alikuwa haji kwetu ovyo. Kwa desturi tuliyoifuata mimi naye hatukai chumba kimoja wala kutazamana usoni. Akitaka kuniambia neno analisema akiwa upande wa pili wa mlango, au analisema kwa mtoto huku mimi nasikia. Siku ile alikaa jikoni na binti yake wakazungumza Kinyaturu muda mrefu. Kisha nikasikia anakuja mpaka nyuma ya pazia.

"Mkwe, hujambo?"

"Sijambo mama, shikamoo."

"Marahaba. Nimeambiwa huli."

Nikasogea karibu na pazia.

"Ulikosea," akasema. "Ulikosea sana. Lakini kitu kimoja ulikiona ambacho sisi wengine hatukukiona. Huyu mtoto si mkorofi. Kuna kitu kinamsumbua. Sasa kula, tuone tunakwenda wapi."

Sahani ikasukumwa chini ya pazia, ugali wa uwele na mlenda. Nilikula nikilia, na nashukuru kwamba desturi ilimzuia kuniona.

Aliyetuonyesha pa kwenda alikuwa dada wa mke wangu, aliyeolewa Kiomboi. Alikuwa na habari za tabibu mmoja mwanamke kule, anayeangalia watoto wenye kifafa siku moja kila wiki. Tukaenda wote watatu na basi la asubuhi, mchanga akabaki na bibi yake. Mtoto alipiga teke kiti cha mbele njia nzima. Mwenye kiti aligeuka mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili akatuona tulivyokaa mimi na mke wangu, akahama mwenyewe bila neno.

Tabibu yule alikuwa mtu mzima, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Hakuanza na sisi. Alimpa mtoto penseli na karatasi, akamwacha achore chini sakafuni, huku anamtazama. Karatasi ikachanika, akampa nyingine. Kisha akasema, "Haya, nielezeni. Msiruke kitu."

Nikamweleza yote, pamoja na siku nne. Mke wangu alikuwa anaangalia dirishani.

"Kuna watu wanafanya hivyo wasiseme," akaniambia. "Halafu mimi naongeza dawa kwa sababu nadhani imeshindwa. Umenisaidia kusema." Akamgeukia mke wangu. "Mama, mtoto wako hana jini, wala hakudekezwa. Dawa hii ni nzuri, inawaokoa wengi, na wewe umeona imemzuia kuanguka. Lakini kwa watoto wengine inageuza tabia. Badala ya kuwatuliza inawachemsha. Wanakuwa wakali, hawakai, hawalali vizuri. Si wao. Ni dawa inayosema."

Mke wangu akauliza kwa sauti ndogo, "Atarudi?"

"Wengi wanarudi. Lakini si kwa kukatisha. Tutaingiza dawa nyingine kidogo kidogo na hii tutaipunguza kidogo kidogo. Itachukua miezi. Kabla sijabadilisha chochote nataka wiki mbili mniandikie. Kalala saa ngapi, kaamka saa ngapi, kala nini, kampiga nani, na kabla hajapiga kulikuwa na nini. Nani anajua kuandika hapa?"

"Mimi ni fundi," nikasema. "Nina daftari la vipimo."

"Basi mpime huyu."

Akatuambia na mengine. Tusimchape, kwa kuwa hatumfundishi, tunamwongezea moto. Maneno yawe machache. Kila siku ifanane na ya jana, kula saa ile ile, kulala saa ile ile. Kabla ya kumhamisha kutoka kitu kimoja kwenda kingine tumwambie mapema. Tumtafutie mahali pa kukimbilia anaposikia "inakuja". Na akitulia hata kidogo tumwambie kwamba tumeona. "Msisubiri atulie siku nzima ndiyo mmsifu," akasema. "Akitulia dakika tano, semeni."

Dawa mpya haikuwepo pale hospitalini. Miaka michache nyuma, dawa ambayo haikuwepo hospitalini ilikuwa haipo, basi, unarudi nyumbani. Lakini sasa watu binafsi walikuwa wameanza kufungua maduka ya dawa mijini, na kaka yangu alipokwenda Arusha kufuata bidhaa zake za duka alirudi nayo, ameiweka ndani ya kofia. Kaka yule yule ambaye wateja wa duka lake walikatiwa mashati sita na binti yangu.

Wiki zile mbili za kuandika zilinifundisha kumtazama mwanangu. Nilizoea kuandika kifua, kiuno, urefu wa mkono. Sasa nikaandika: "Saa nne. Kamtupia paka kiatu. Kabla yake cherehani ilikuwa inapiga kelele na redio ya kaka iko juu." "Saa saba. Kalia bila sababu. Hajala." "Jioni, baada ya dawa, mbaya zaidi." "Asubuhi kakaa kimya dakika kumi na moja, kapanga nyuzi. Nimemwambia nimeona. Kasema: umeona nini?" Nikagundua kelele zinamuumiza. Nikahamishia cherehani upande wa mbali wa baraza, nikamwomba kaka apunguze redio, naye akaizima kabisa, mtu aliyekuwa haachi taarabu tangu asubuhi. Chini ya meza nikamtandikia gunia na kanga kuukuu, nikaning'iniza kitambaa kama mlango. Pale ndipo pa kukimbilia.

Mke wangu alikuwa anasoma daftari jioni, mimi nikijifanya sioni. Siku moja nikakuta ameandika chini ya maandishi yangu, kwa mwandiko wake wa darasa la saba: "Leo kanisaidia kumenya vitunguu vinne. Kakasirika cha tano. Nimemwambia vinne vinatosha." Nikaandika chini yake: "Nimeona." Ilikuwa mara ya kwanza tunazungumza bila kumtuma mchanga.

Tulianza kubadilisha dawa wakati alizeti zinavunwa. Mwezi ule wa kwanza ulikuwa mgumu. Alikuwa na dawa mbili mwilini, kizunguzungu kidogo, na hasira ziko pale pale. Mama mkwe akasema apelekwe Unyambwa ashinde naye mchana, mji una makelele. Nikawa nampeleka asubuhi kwa baiskeli na kumfuata alasiri.

Siku ya tatu au ya nne nilifika mapema nikasikia vishindo nyuma ya nyumba. Nikasimama kwenye uzio. Mama mkwe alikuwa ametandaza vichwa vya alizeti vilivyokauka juu ya turubai, na binti yangu ameshika fimbo, anapiga. Anapiga kwa nguvu zake zote, mbegu zinaruka, makapi yanaingia kwenye nywele, machozi na kamasi zinamtoka. Bibi yake amekaa pembeni anapepeta, hamtazami hata. Mara moja moja anamwambia kwa Kinyaturu, kwa sauti ile ile ya kumwambia mtu apitishe ungo, "Hapo bado. Piga na hapo." Mtoto anapiga na hapo.

Alipochoka aliketi chini. Bibi akachota mbegu kwenye kiganja akamwonyesha. "Tazama kazi uliyofanya," akasema, sasa kwa Kiswahili. "Mimi peke yangu ningemaliza kesho."

Mtoto akatazama rundo. Nilimwona anafuta pua kwa mkono. "Kesho zipo nyingine?" akauliza.

"Zipo. Unyambwa nzima ina alizeti."

Akapiga za bibi yake, zikaisha, akapelekwa kwa mjomba akapiga za mjomba. Wanawake wa pale walikuwa wanamwita kwa utani, "Mashine yetu iko wapi?" Hakuna aliyemwita mgonjwa. Nilikuwa nimekaa miezi nikimwambia mtoto yule asipige, asipige, na hakuna aliyekuwa amewaza kumpa kitu cha kupiga.

Hakupona siku moja. Nikifungua lile daftari, nalo bado ninalo, naona jinsi siku nzuri zilivyoanza kuingia kwanza moja moja, zikafuatwa na siku tatu mbaya, kisha mbili nzuri. Kuna siku nimeandika neno moja tu, "Mvua." Sikumbuki nilitaka kusema nini. Aliwahi kuanguka tena mara mbili katika kipindi kile, kwa muda mfupi tu, na mara zote mbili nilidhani tumerudi mwanzo. Tabibu wa Kiomboi alirekebisha kipimo, akatuambia tuendelee. Kidonge cha mwisho cha zile dawa za kwanza, nusu ya nusu, mke wangu alimpa mwenyewe. Kisha akafungua lile fundo la kanga, akanipa pakiti ya dawa mpya mkononi. "Jioni ni zamu yako," akasema. Nilimwuliza kama ana hakika. Akasema, "Mtoto anataka wewe, unampa na hadithi."

Nikawa nampa hadithi, na siku moja katikati ya hadithi nikamsikia anacheka, kile kicheko chake chembamba cha zamani. Mama yake alikuwa jikoni. Alikuja mlangoni na mwiko, akasimama pale hadi hadithi ikaisha.

Kilichobaki kilikuwa kwa watu. Dawa ikitoka mwilini haifuti alama begani kwa mtoto wa jirani. Binti yangu alijua alichofanya, nadhani alikuwa anajua wakati wote. Alianza kukaa kwenye kizingiti akitazama nyumba ile. Nikamwuliza kama anataka twende. Akakubali, lakini akasema yeye hataongea, niongee mimi.

Tulikwenda Ijumaa mchana. Nilimsalimia jirani nikaanza, "Tumekuja..." na kabla sijafika mbali binti yangu alikwisha kwenda kwa rafiki yake aliyekuwa anachezea vigae. Akamvuta gauni begani, akatazama pale alipong'ata. Alama ilikuwa imebaki kidogo tu.

"Inauma?" akauliza.

"Hapana. Iliuma zamani."

"Ilikuwa dawa," akasema binti yangu. Akafikiri kidogo. "Na mimi pia. Nisamehe."

Yule mwingine akasogea kumpa nafasi. Mama yake akaingia ndani, akatoka na sahani ya viazi vitamu, akaiweka katikati yao, akaniambia, "Karibu ukae jirani, usisimame kama askari." Wakala sahani moja.

Alipoanza darasa la kwanza mwaka uliofuata, mimi na mama yake tulikwenda kumwona mwalimu tukamweleza yote: anguko, dawa, kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Mwalimu alisikiliza, akamkalisha karibu na dirisha, mbali na kengele. Haikuhitaji zaidi ya hapo. Alikuwa na hasira za kawaida za mtoto wa kawaida, na tulijifunza, taratibu, kutozihofia. Hiyo nayo ilichukua muda. Kwa mwaka mzima kila alipopaza sauti mke wangu na mimi tulitazamana.

Alitumia dawa hadi karibu kumaliza shule ya msingi. Miaka ilipopita bila kuanguka, walimpunguzia polepole chini ya uangalizi wa tabibu, na safari hii nilikuwa mtu wa kwanza kusema twende polepole zaidi.

Sasa ni mama wa watoto wawili, anaishi Manyoni, anafundisha. Mwaka mmoja alipokuja likizo nilimwona anambishia kijana wa duka la dawa, kwa heshima lakini bila kuachia, kuhusu dawa ya mwanawe: itamfanya nini, alale au asilale, na akibadilika tabia arudi kwa nani. Yule kijana ilibidi akatafute karatasi ya maelezo.

Tulipofika nyumbani nikaamua kumwambia habari ya siku nne. Alikuwa hajawahi kuisikia kutoka kwangu. Nilimweleza kopo, kijiko cha asali, uji, vyote. Alinisikiliza akiwa ameshika kikombe.

"Mimi sikumbuki hiyo, baba," akasema. "Nakumbuka fimbo ya alizeti. Na yule mama wa Kiomboi, penseli yake ilikuwa nyekundu."

"Mimi nakumbuka," nikasema. "Ndiyo maana nakuomba radhi."

Akaniambia amenisamehe, na ninywe chai yangu, inapoa.